Kifaa cha koklea cha mwanangu: uzoefu wangu kwa wazazi wa Tabora

Watu wakimwona mwanangu na ile sumaku nyuma ya sikio huniuliza swali moja tu: "Anasikia?" Anasikia. Nikimwita kutoka jikoni naye yuko uani anaitika, na siku hizi mdomo wake hauna breki. Wasichouliza ni kazi na pesa zinazofuata, na mimi naandika hasa kwa ajili ya hayo.

Alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo akiwa bado mdogo. Alijaribishwa shimesikio, halikufua dafu, kwa sababu lenyewe linakuza sauti tu na ndani ya sikio hapakubaki cha kuipokea. Kifaa cha koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono, kinapita njia nyingine: mashine ya nje inanasa sauti, inairusha kwa koili, kisahani cha waya kilichoshikwa na sumaku, hadi kifaa kilicho chini ya ngozi, nacho kinapeleka umeme mdogo kwenye neva ya kusikia. Madaktari walituharakisha, maana baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuota mfupa ndani, nyaya za kifaa zikakosa pa kupita. Kama mtoto wako amepona uti wa mgongo na haitikii akiitwa, usikubali kuambiwa "hata baba yake alichelewa kusema". Omba barua ya rufaa.

Upasuaji ulifanyika Muhimbili, ambako huduma hii ilianza 2017. Kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa nje, hasa India. Gharama ni makumi ya mamilioni. Ukoo ulichanga, mfadhili akamalizia. Kuhusu upasuaji wenyewe sina la kulalamikia. Kifaa hakiwashwi siku ileile, kidonda hupona kwanza kwa wiki kadhaa. Siku ya kuwasha alilia kwa woga, wala hakutabasamu kama watoto wa kwenye video. Ubongo haujui bado kelele hizo ni nini. Baada ya hapo unarudi mara kwa mara ili sauti zirekebishwe kwa kompyuta, na kwa sisi wa Tabora hiyo ni basi hadi Dodoma, kisha treni ya umeme hadi Dar, na pa kulala ujitafutie.

Kazi kubwa iko nyumbani. Kila asubuhi nasimama nyuma yake, asione midomo yangu, natamka sauti sita nilizofundishwa na mtaalamu wa matamshi: m, u, a, i, sh, s. Akisikia moja anatumbukiza punje ya haragwe kwenye bakuli. Akianza kuruka s na sh, mara nyingi kifuniko cha mikrofoni kimejaa vumbi, na vumbi la Tabora mwezi wa tisa mnalijua. Asiposikia chochote, naangalia betri, kisha waya. Usiku mashine inalala kwenye chombo chenye chembe za kunyonya unyevu. Kuoga anaivua. Sweta la nailoni la shule nalo, mashine inatoka kwanza, kwa sababu ule umeme wa nguo kavu unaweza kuivuruga. Na hospitali yoyote ikitaka kumpima kwa MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku kali, waambie mapema kuna sumaku kichwani.

Wapo wanaonishangaa nikimfundisha pia lugha ya alama. Mjini kwetu ipo shule ya viziwi tangu 1963, ya kwanza nchini, na bado mtu anaitaja kama mahali pa walioshindwa. Mimi sikubali. Mashine ikivuliwa, mwanangu ni kiziwi kabisa. Usiku, bafuni, betri ikiisha katikati ya mchezo, tutaongea kwa nini? Bibi yake, anayemsemesha Kinyamwezi mchana kutwa, ndiye aliyeshika alama haraka kuliko sisi sote.

Sasa vipuri, hapo ndipo nyota zangu zinapopungua. Vya kampuni ya Cochlear ya Australia haviingii kwenye mashine ya MED-EL ya Austria, kwa hiyo kampuni mliyopewa siku ya upasuaji ndiyo mtakayoishi nayo. Betri za kutupa ni namba 675, zile zinazotumia hewa. Usinunue za saa. Za kuchaji ni nafuu kwa muda mrefu, ila Tanesco wakikata usiku kucha, asubuhi mtoto hana masikio. Waya wa koili ulipokatika, muuzaji mmoja wa Dar alichukua pesa yetu na kutuzungusha wiki baada ya wiki, mtoto amekaa darasani kimya.

Kifaa nakipa nyota tano, upatikanaji wa vipuri moja na nusu. Kabla hamjasaini chochote, ulizeni nani Dar ana waya wa mashine hiyo dukani leo, unauzwaje, na dhamana inaisha lini. Wa akiba nunueni wakati michango ya ukoo bado ina moto.