Kitabu cha kumbukumbu ya babu: karatasi safi, medali za kuchora (nyota 3 na nusu)

Wadau habari zenu. Naandika hii riviu nikiwa bado sijamalizana na hili duka kwa hiyo jina lao silitaji, niseme tu ni duka la printi na dizaini hapa Morogoro mjini, wale wa kadi za harusi, mabango ya mahafali, tisheti za misiba na vitabu vya wasifu wa marehemu. Kama una shughuli kama yetu labda utajua uulize nini kabla hujatoa hela.

Yetu ilikuwa ibada ya kutimiza mwaka tangu babu afariki, pamoja na kusimika msalaba. Kwenye msiba wenyewe mambo yalienda mbio mbio, baba mdogo aliandika wasifu usiku kwenye karatasi mbili, na siku ya siku spika ilikuwa inakoroma nusu ya watu hawakusikia kitu. Bibi akasema mwaka ukifika anataka kitabu, watu waende nacho nyumbani wakasome polepole. Basi nikapewa mimi hiyo kazi kwa sababu eti ndio nakaa mjini na najua kompyuta.

Oda ilikuwa hivi: vitabu 120 vya kurasa 24 kwa 3,500 kila kimoja, tisheti 40 kwa 13,000, na picha moja kubwa ya kuweka kwenye fremu 65,000. Jumla milioni moja na elfu tano, ile elfu tano niliomba waiachie wakakataa kabisa yaani kama nimewatukana. Advansi nusu, inayobaki siku ya kuchukua mzigo. Risiti walitoa bila kuombwa, hapo nawapa hongera.

Sasa ngoja niwaambie kidogo kuhusu babu maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini tuligombana. Alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, dereva wa malori, alistaafu 2005 na cheo cha sajenti. Vita ya Kagera alienda akiwa kijana wa miaka 23. Vita vyenyewe alikuwa haongelei sana, ukimuuliza anakwambia habari za gia na matairi. Jeshi la Amin lilipoingia 1978 na kusema mpaka ni Mto Kagera, walilipua daraja la Kyaka, kwa hiyo wetu walipoanza kusonga mbele ilibidi wavuke kwa daraja la muda, na babu alikuwa anasema pale ndipo alipojua kuogopa, maana risasi unaweza kulala chini ila daraja likicheza na wewe uko ndani ya lori limejaa mizigo unalala wapi? Akitoka hapo anaruka moja kwa moja mpaka Masaka, halafu anasema matope ya Lukaya, halafu Kampala Aprili 1979, halafu anaomba chai. Hadithi imeisha.

Alichokuwa anapenda kuongelea ni mtaro wa mtaa wetu. Maji yakishuka kutoka Uluguru yanapita kwa watu, na yeye kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi anapiga filimbi, toka na jembe. Ana daftari la mahudhurio, amepiga mistari kwa rula, kila nyumba ina safu yake. Na kila asubuhi ya siku za shule anasimama barabarani mbele ya shule ya msingi kuvusha watoto. Hakutumwa na mtu wala halipwi, kuna mtoto aligongwa na fuso la mchanga pale akavunjika mguu, kesho yake babu akachukua mfuniko wa sufuria ya bibi, akaupaka rangi nyekundu, akaupigilia kwenye mti wa fagio, akaenda. Hiyo ilikuwa 2006. Mvua jua yuko pale, mpaka wiki anayolazwa. Bodaboda walikuwa wanamwita Afande Mfuniko na yeye anajua na hajali.

Tuingie dukani. Kitu cha kwanza nilichopeleka ni picha ya 1979, nyeusi na nyeupe, ndogo inakaa kwenye kiganja, ilipigwa studio Bukoba wakati wanarudi. Ina kunjo katikati kwa sababu ilikaa kwenye waleti miaka na miaka. Babu kavaa sare inayompwaya mabegani, uso mkavu, na sikio la kushoto limekunjika kwa juu. Amezaliwa nalo hivyo. Baba analo, mimi ninalo, mtoto wa dada yangu kazaliwa nalo juzi juzi tu.

Kijana akasema usijali kaka, tunairistoa kwa akili mnemba inatoka kama ya jana. Na kweli siku mbili baadaye akanitumia Whatsapp, dah, kunjo hakuna, rangi ya sare imewekwa, ngozi inang'aa. Nikafurahi nikairusha kwenye grupu la familia, watu wanaweka mioyo na mikono ya kuomba. Halafu bibi akaletewa simu aione. Akaishika, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akauliza:

"Huyu ni nani?"

Tukadhani ni macho. Mama mkubwa akamwambia ni baba huyo, wamemsafisha. Bibi akasema, "Sikio lake mmelipeleka wapi?"

Ndipo na sisi tukaanza kuangalia vizuri. Sikio limenyooka. Mdomo umewekewa tabasamu kidogo. Na kifuani zimeota medali tatu, zina utepe na zote zinang'aa kama vifuniko vya soda. Nikampigia kijana, anasema bila aibu kwamba programu "iliona ni mwanajeshi ikaongezea", na kwamba wateja wengi wanapenda. Kibaya zaidi anko mmoja akaandika kwenye grupu ziachwe tu zinapendeza, nani atajua. Hapo grupu likawaka moto siku nzima, mpaka kuna mtu alijitoa akarudishwa.

Bibi hakuandika chochote kwenye grupu kwa sababu hana hata simu ya kuandikia. Kesho yake asubuhi kapanda bajaji kaja mwenyewe mjini na kopo la biskuti limefungwa kwa kanga. Tukaingia dukani pamoja, vijana shikamoo bibi, marahaba, akafungua kopo juu ya kaunta. Ndani kuna filimbi, kitambulisho cha kustaafu, na medali moja, ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, pini yake imeliwa na kutu na utepe umeanza kuchanika. Akasema, "Ya kwake ndiyo hii. Ni moja. Hizo nyingine mrudishieni mwenyewe." Duka zima kimya. Kulikuwa na jamaa amekuja kuprinti CV naye akanyamaza.

Hapa sasa ndio niwape sifa wanazostahili, maana duka lingine wangeanza kubishana. Kuna dada anakaa kompyuta ya pembeni, hakuwa amepewa kazi yetu kabisa, akasimama akamwomba bibi ruhusa apige picha ile medali kama ilivyo, na kutu yake. Akachukua kazi yote kutoka kwa yule kijana. Picha ya babu akaitengeneza upya kwa mkono, kunjo akalipunguza tu likabaki kwa mbali, sikio likarudi, rangi hakuweka. Medali ikakaa ukurasa wa 3 peke yake, imejaza ukurasa, unaona mpaka nyuzi za utepe. Ukurasa mzuri kuliko yote, na haukuwa wazo letu.

Ila maandishi jamani. Msiruhusu wawaandikie maandishi. Yule kijana wa kwanza alikuwa ameshachukua wasifu wetu akaumimina kwenye templeti ya marehemu mwingine, na vitu vya yule marehemu vikabaki humo humo. Babu yetu eti "alikuwa nguzo ya kwaya", babu ambaye kanisani alikuwa anafungua mdomo bila kutoa sauti na kila mtu anajua. Ukurasa wa 9 kuna salamu za wajukuu ambao sio sisi. Mwaka wa vita ameandika 1987 badala ya 1978, kwa hiyo kwa hesabu yake Amin alituvamia akiwa ameshakimbia nchi miaka nane.

Na kubwa kuliko, hii bado tunacheka mpaka leo. Baba mdogo kwenye wasifu aliandika kwamba babu alikuwa anabeba mizigo ya kikosi cha Saba Saba. Wenye umri mnajua, Saba Saba ndio jina Waganda waliloyapa yale maroketi yetu ya Katyusha, yakilia mtu anaacha ugali mezani. Kijana wa watu akasoma Saba Saba akaenda mtandaoni akatafuta picha, akatuwekea geti la maonesho ya biashara la Dar es Salaam, na watoto wameshika maputo. Chini kaandika "Marehemu akiwa kazini". Anko yule wa medali alicheka mpaka akalia, na nadhani ndio ilimfanya akubali yaishe.

Dada wa pembeni yeye alikuwa anapiga simu kuuliza. Saa tatu usiku simu inaita, "samahani kaka, huu mtaro ni wa kumwagilia au wa maji ya mvua?" Ananitumia voisi, "hili neno ni Kyaka au Kyaki?" Mwanzo niliona usumbufu, baadaye nikaona huyu ndiye anafanya kazi. Nilipomwambia kuna daftari la mahudhurio akaomba alione. Akaskani ukurasa mmoja, akaufanya kuwa ndani ya jalada, mwandiko wa babu mwenyewe, wa kusimama kama gwaride: nyumba namba fulani, yupo, yupo, hayupo anaumwa, nyumba inayofuata hayupo, anasema anaumwa. Siku ya ibada watu walikuwa wanatafuta nyumba zao humo. Mzee mmoja jirani alijikuta ana "hayupo" tatu mfululizo akaanza kujitetea mbele ya kaburi, anamwelezea marehemu kwamba zile wiki kweli alikuwa na malaria.

Ubora wa vitu vyenyewe. Kitabu: karatasi nzito, jalada limelaminetiwa ile isiyong'aa, pini mbili katikati zimekaa sawa, kurasa hazichomoki, nimevipekua kama kumi hivi kwa fujo makusudi. Picha kubwa: safi sana, fremu ya mbao sio ile plastiki ya kupaka rangi ya mbao, na kioo kilifika kizima. Tisheti: hapana. Tisheti nawapa nyota moja. Kijani tuliyochagua imekuja inaelekea bluu, na uso wa babu baada ya kufua mara mbili umeanza kupasuka pasuka kuanzia kidevuni, na mtu anayevaa kitu kama hicho anajisikia vibaya. Tumekubaliana nyumbani hazifuliwi kwa mashine wala kupigwa pasi kwa mbele, na anko yeye ya kwake haivai, ameitundika.

Muda: waliahidi Jumatano, mzigo ukaja Ijumaa saa nne usiku, ibada Jumamosi saa tatu asubuhi. Boda aliyeleta hakuwa na kosa maskini, aliletewa mzigo amechelewa, akafika amelowa na vitabu vimefungwa kwenye nailoni vikavu kabisa. Nikamtoa na soda. Alipoiona picha sebuleni akauliza huyu si Afande Mfuniko? Kumbe alisoma ile shule. Akakataa hela ya deliveri, akaomba kitabu kimoja, nikampa viwili.

Kwa hiyo kama unaenda: nenda wiki tatu kabla sio mbili. Peleka maandishi yako yameshachapwa, na soma kila ukurasa mwenyewe kabla ya kusaini, wana fomu ya kusaini na ukishasaini kosa ni lako. Picha za zamani sema kwa mdomo na andika kwenye oda kwamba hutaki kuongezewa kitu, hata tabasamu. Muulizie dada wa kompyuta ya pembeni kabisa karibu na dirisha, Jumatatu hayupo. Tisheti katengeneze kwingine.

Kuhusu deni, ni kwamba tisheti tulizolipia ni 40 zikaja 37, wamepungua XL tatu, na shangazi aliyekosa ananiuliza kila Jumapili baada ya kanisa. Wamesema wiki hii. Vitabu vimeisha vyote 120, shule imeomba vitatu vya ofisini na bibi amekataa kutoa cha kwake, kwa hiyo naprinti vingine 30 pale pale. Ile sufuria bado anaifunika na sahani, mfuniko mwalimu mkuu aliuomba baada ya ibada, na asubuhi yuko nao barabarani mwalimu wa zamu.