Programu iliyozibatiza nyimbo zangu majina ya watu wengine

Nilikusudia kuipa nyota tatu, na sababu ninayo. Kazi ya kunakili sauti kutoka kwenye CD programu hii inaiweza. Diski iliyochubuka huisoma pole pole, hurudia palipo pagumu, na faili ya FLAC (aina ya faili ya sauti isiyopunguza ubora) inayotoka sijaisikia ikikwaruza hata mara moja. Hilo nalikubali hata kwa hasira niliyo nayo.

Shida ni majina.

Wengi hudhani majina ya nyimbo yamo ndani ya CD. Kwa CD nyingi hayamo. Mna sauti, na mna jedwali linaloonyesha kila wimbo unaanzia wapi. Programu husoma jedwali hilo, hukokotoa namba ya utambulisho, kisha huipeleka kwenye hifadhidata ya intaneti kuuliza ni albamu gani. Majibu yaliyoko huko yaliandikwa na watumiaji, watu waliokaa wakacharaza majina bila kulipwa ili mwingine asihangaike. Nawaheshimu sana, na lawama yangu haiwahusu.

Ila mtindo ule wa zamani wa CDDB, hifadhidata ya awali ya majina ya CD, ambao hifadhidata huria ya freedb iliurithi na ambao bado unatumika ingawa freedb yenyewe ilifungwa 2020, hutoa namba fupi mno. Hutokana na sekunde ambazo nyimbo zinaanzia, urefu wa diski na idadi ya nyimbo, basi. CD mbili zisizojuana kabisa zinaweza kupata namba moja. MusicBrainz, hifadhidata nyingine ya aina hiyo, hutumia vipimo vya sehemu ya 75 ya sekunde, kwa hiyo kugongana huko ni nadra. Udhaifu huu unajulikana miaka mingi, ndiyo maana programu yenye adabu hukuwekea majibu yote mbele na kukuuliza lipi ni lako.

Hii haiulizi. Inaokota jibu la kwanza, inaliandika kwenye faili zote, inasonga mbele.

Majuzi niliweka CD ya kwaya, rekodi ya zamani ambayo sidhani kama bado inauzwa popote. Nilipofungua folda nikakuta kila wimbo una jina la albamu ya disko, na jalada la disko juu yake. Nikavumilia. Nikachukua kijitabu cha CD nikaandika upya jina la kila wimbo, mtunzi wake, na waimbaji waliotangulia sauti, kwa sababu watu hao hawatajwi kwingine. Kazi ya jioni nzima.

Nilipoifungua tena programu, ikafanya inachokiita kusasisha taarifa. Yangu yote ikafuta, disko ikarudi. Bila onyo, bila kitufe cha kurejesha.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza hatua kwa hatua. Jibu lilikuwa mistari miwili: taarifa hutolewa na watumiaji, na mteja anaweza kuhariri mwenyewe. Lakini si ndicho nilichofanya? Nimehariri, nanyi mkafuta! Nikajibu kwa upole, nikaambatisha picha za kabla na baada. Wakafunga lalamiko langu wakaandika “limetatuliwa.” Limetatuliwa na nani? Hakuna aliyesoma hata sentensi yangu ya kwanza, maana angeisoma asingenifundisha kuhariri.

Nyota tatu nimezirudisha. Ni moja. Nilidhani sauti safi ingefidia, lakini kwa mwenye CD mia na zaidi za kuhifadhi, sauti safi chini ya jina la mtu mwingine ni wimbo uliopotea: hutaupata ukiutafuta, na atakayerithi mkusanyiko huo hatajua nani aliimba. Mtunzi kufutwa jina lake na programu niliyoilipia pesa, hilo silimezi.

Kwa ambaye ameshainunua: ingia kwenye mipangilio kabla hujaweka diski yoyote. Zima kutafuta majina, zima kusasisha taarifa, vyote viwili, kwa sababu ukizima cha kwanza tu, cha pili kinaendelea kufanya kazi. Kisha nakili sauti, na majina uyaandike kwa programu nyingine.