Chatiplota ya boti ndogo: nini cha kujifunza kabla ya kung'oa nanga

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunachambua chatiplota, ile skrini iliyo mbele ya nahodha inayoonyesha ramani ya bahari, mahali chombo kilipo na kinakoelekea. Tutashughulika na zile za inchi 7 hadi 9 zinazofungwa kwenye boti ndogo. Niseme mapema kabisa: ukubwa wa skrini hautakufaa kitu kama hujaelewa kwamba ramani unayoiona ni sehemu tu ya ramani iliyomo ndani ya mashine. Iliyobaki imefichwa, na imefichwa kwa makusudi.

Tazameni hapa. Ramani nyingi za siku hizi ni za vekta. Si picha ya ramani ya karatasi. Ni orodha ya vitu: mwamba, boya, namba za kina, mistari ya kina. Kila kitu kimewekewa kipimo chake, na ukisogeza ramani mbali kupita kipimo hicho, hakichorwi tena, ili skrini isijae. Huu mwamba wenye alama ya msalaba, nasogeza mbali mara moja, bado upo. Mara ya pili, umetoweka! Pamebaki rangi ya buluu tu, kana kwamba ni maji mazuri ya kupita.

Hili si jambo la nadharia. Tarehe 29 Novemba 2014, jahazi la mashindano Team Vestas Wind lilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini mashariki ya Mauritius, likienda kasi usiku. Mabaharia 9, wote wazoefu, wakiwa na ramani za kielektroniki. Miamba ile ilikuwemo kwenye ramani zao, ila haikuonekana ipasavyo katika kipimo walichokuwa wakitazamia. Wote waliokoka.

Kwa hiyo zoezi la kwanza, kabla hujagusa menyu nyingine yoyote: chora njia, kisha ipitie yote kwa kidole ukiwa umevuta karibu, kipande kwa kipande, kutoka gati mpaka gati. Usitazame mstari peke yake. Tazama upana wa pande zote mbili, maana upepo, mkondo au chombo kingine kitakutoa kwenye mstari huo.

Kuvuta karibu nako kuna mpaka. Ramani iliyopimwa kwa 1:50,000 maana yake milimita 1 ni mita 50 za bahari. Ukizidi kuvuta, mashine inanyoosha data ileile, na nyingi hutoa onyo kwamba umepita kipimo cha ramani. Gusa eneo, fungua maelezo yake, utafute daraja la ubora wa upimaji. Daraja A1, kitu kinaweza kuwa pembeni kwa mita 5. B ni mita 50. C ni mita 500, na D ni mbaya kuliko C. Sasa fikiria GPS inakwambia uko mita 40 kutoka kwenye mwamba, nawe uko kwenye eneo la daraja C. GPS yako ni sahihi, tatizo ni mwamba wenyewe: hujui uko wapi hasa. Hapo kaa mbali, macho yawe nje.

Twende kwenye mipangilio. Ya kwanza ni kina. Kuna mita, kuna futi, kuna pima, na pima moja ni kama mita 1.8. Ukisoma 3 ukidhani ni mita kumbe ni futi, una chini ya mita moja ya maji. Weka mita kwenye ramani na kwenye kipima kina, vyote viwili, kwa sababu mashine nyingine huvitenganisha. Kisha kumbuka kwamba namba za kina kwenye ramani zimehesabiwa kutoka karibu na kupwa kwa chini kabisa, wakati kipima kina kinakupa maji yaliyopo saa hii chini ya kihisio. Namba hizi mbili hazitalingana, wala hazitakiwi kulingana. Kihisio nacho kiko chini ya uso wa maji na juu ya mkuku (uti wa chini kabisa wa chombo), hivyo lazima uweke marekebisho: ama kina kihesabiwe kutoka usoni, ama kutoka chini ya mkuku. Alama ya kujumlisha na ya kutoa hutofautiana kwa kila kampuni, basi usikisie. Funga chombo gatini, teremsha bildi ubavuni, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, linganisha.

Ya pili ni namna ya kuandika latitudo na longitudo. Hapa watu hupotea kimyakimya. Mtu anakupa 06°10'50", yaani dakika 10 na sekunde 50, wewe unaingiza 06°10.500' kwa kuwa mashine yako inatumia dakika zenye desimali. Umekosea theluthi moja ya dakika. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852, kwa hiyo umekosea zaidi ya mita 600. Hakikisha pia mfumo wa ramani, yaani msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo, ni WGS84, ambao ndio GPS inautumia. Ukinakili pointi kutoka ramani ya karatasi ya zamani, soma kwanza pembeni imeandikwa mfumo gani.

Kuna mpangilio wa mstari wa usalama: unachagua kina, tuseme mita 5, na maji yote mafupi kuliko hapo yanabadilika rangi. Uweke. Nafuu yake ni kubwa kuliko mapambo mengine yote ya menyu.

Kwenye kuchora njia, nawaonya kuhusu kitufe cha kwenda moja kwa moja. Ukigusa mahali na kuchagua kwenda, mashine inavuta mstari ulionyooka, hata kama katikati kuna kisiwa au fungu la mchanga. Vilevile ukiruka pointi moja ya njia uliyochora, mstari unakata kona, na kona ile uliiweka kwa sababu ya mwamba. Njia ambayo mashine inakuchorea yenyewe nimeikubali kama rasimu tu. Inategemea kina cha mkuku ulichoingiza, na haina macho ya kuona wavu wala gogo. Ichore, kisha ipitie kwa kidole kama nilivyosema.

Sasa alama ya boti. Wengi hudhani inaonyesha omo, yaani mbele ya chombo, inakotazama. Kama hujafunga dira ya kielektroniki, inaonyesha tu chombo kinakosogea juu ya ardhi. Ukiwa nangani au kwa mwendo chini ya noti moja (maili moja ya baharini kwa saa), inazunguka ovyo, mashine haijaharibika. Na mkondo ukikupiga ubavuni, omo itaelekea huku, mstari wa mwendo utaelekea kule. Ukifuata omo utasombwa, kwa hiyo rekebisha usukani mpaka mstari wa mwendo uelekee unakotaka. Ukiamua kufunga dira hiyo, iweke mbali na spika na nyaya nene za betri, maana zinaivuta.

Kugusa au vitufe? Raymarine Axiom ya kawaida ni ya kugusa, wakati Axiom Pro ina vitufe na kitasa cha kuzungusha pia, na makampuni mengine yana mgawanyo kama huo. Boti iliyo wazi, maji ya chumvi yanaruka, mkono umelowa: tone likikaa kwenye kioo, ramani inajivuta yenyewe. Mimi ningelipia kitasa kabla ya kulipia inchi mbili za ziada. Kwa boti yenye kibanda, kugusa kunatosha.

Umeme nao unasumbua. Mashine inajizima kila ukiwasha injini? Stata inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, na kila mashine ina kikomo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ipe waya wake mnene kutoka kwenye betri isiyo ya stata, na fyuzi ya ukubwa uliotajwa na kampuni. Kama umeunganisha vifaa kwa NMEA 2000, ule mtandao wa waya wa vifaa vya boti, na vinatokea na kupotea, zima umeme, pima ukinzani kati ya waya mweupe na wa buluu. Inatakiwa ohm 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya ohm 120, kimoja kila mwisho wa waya mkuu. Ukipata 120, kimoja hakipo. Ukipata 40, mtu ameweka cha tatu.

Kitufe cha mtu kuanguka majini kila aliyemo chomboni akijue, abiria pia. Kwenye nyingi unakishikilia sekunde chache. Ila elewa: alama inabaki palepale ulipobonyeza, wakati mtu anachukuliwa na mkondo. Inakurudisha karibu, kisha unamtafuta upande mkondo unakoelekea. Mmoja wenu asimtoe machoni tangu mwanzo.

Yote haya yafanyie mazoezi nchi kavu. Karibu kila chatiplota ina hali ya kuigiza, inayoendesha boti ya bandia juu ya ramani halisi. Chora njia, iruke pointi, jaribu kengele ya nanga, jaribu kengele ya kupotea kwa GPS. Hiyo ya mwisho iwashe daima na iwe na sauti kubwa. Mwaka 1995 waya wa antena ya GPS ulichomoka kwenye meli Royal Majesty, mashine ikaendelea kukisia mahali ilipo, na meli ikakwama kwenye fungu karibu na Nantucket, Marekani, ikiwa maili 17 nje ya njia yake. Ukimaliza mazoezi, zima hali ya kuigiza, na hakikisha mahali panapoonyeshwa ndipo ulipo kweli kabla ya kufungua kamba.

La mwisho, sasisho la programu. Kabla hujaligusa, hamishia pointi na njia zako zote kwenye kadi ya kumbukumbu, uichomoe kadi hiyo, na usianze kusasisha betri ikiwa dhaifu. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena.