TAHADHARI: kuko mutu anauzisha mapo ya terakota za uongo hapa Goma

Bandugu na bamama ba Goma, na ba Bukavu pia juu nasikia anatumaka hata kule kwa mashua, tafazali musome hii mbele ya kutuma franga. Kuko mutu mmoja anaweka foto za mapo kubwa za terakota (udongo wa kuchomwa) mu magrupu ya WhatsApp, zile za kupandia miti, sentimita 60 mupaka 80, bei ya chini, na anasema atakuletea bure mupaka Himbi ao Kyeshero. Ni mwizi, na ninasema ivi nikiwa na pruve.

Munajua hapa kwetu ukichimba kidogo unagonga jiwe ya volkano, kuko kartiye zingine lava ya 2002 ilifunika yote, sasa mutu akitaka limau ao avoka mu lupango yake po kubwa ndiyo inabaki. Yeye anajua hiyo shida ndiyo maana anatudanganya.

Anafanya hivi: anakuita uangalie po moja, na ile moja ni ya kweli kabisa, imechomwa muzuri, ukigonga na kidole inalia. Unatuma avansi nusu kwa M-Pesa ao Airtel Money. Zile zingine zinafika na chukudu (kigari ya mbao ya kusukuma) giza ikishaingia, zimefungwa mu magunia, na anakusukuma umalize kulipa haraka ati mwenye chukudu anangojea. Asubui unafungua: sima iliyopakwa rangi ya matofali! Na zingine ni udongo wenye haukuiva, rangi juu, mvua ikinyesha siku chache tu inaanza kumenyuka na kurudia matope. Ya mama jirani yangu ilipasuka na avoka yake ikaanguka, pale penye batoto banachezeaka. Po ya sentimita 60 yenye kujaa udongo uliolowa inaweza kupita kilo 150, ile si kitu ya kuangukia mutoto.

Na musiseme sima pia ni po tu. Sima mpya inatoa chokaa mu udongo, limau haipendi kabisa, mayani inageuka manjano na munafikiri ni ugonjwa, munauza dawa bure.

Mukienda kuangalia, muangalie KILA po, si ile ya mbele, na muende muchana. Mimina maji kidogo: terakota ya kweli inakunywa maji na inageuka nyeusi-nyeusi pale pale, yenye rangi maji inateleza. Kwaruza na ufunguo chini kwa kitako, kama ndani ni kijivu ni sima, na ukitia ndimu pale penye umekwaruza, sima mara mingi inatoa povu. Ya kugonga pia inasaidia, yenye kuiva inalia kama kengele, yenye ufa ao haikuiva inatoa sauti ya kufa. Na muulize kipande yenye kuvunjika mukaiache mu maji usiku muzima, udongo wenye umechomwa muzuri hauyeyukake hata kidogo. Mufinyanzi wa kweli hatakatala, atafurahi hata.

Nilipomupigia alisema ni mvua ya Goma ndiyo mbaya, kisha akanibloke. Sasa iko na numero ingine lakini foto ni zile zile, na ukiziangalia muzuri zingine ni bustani za Ulaya, kuko miti yenye haiko hapa kwetu.

Hakuna avansi kwa foto, ulipe po ikiwa mbele yako na jua ingali inawaka, na udai resi yenye kuandikwa "terakota ya kuchomwa".

Wenye alishakula franga zao musifute mesaje za malipo na musitupe ile mapo, mupige foto ya mahali ilipasuka na muniandikie inbox, tuko tunakusanya yote tupeleke malalamiko pamoja.