Spika za nyuma kwa sebule ya Dar es Salaam: ipi ununue na uipe umeme gani

Katika sebule nyingi za Dar es Salaam, kuanzia nyumba za kupanga za Sinza hadi maghorofa ya Upanga, kochi kubwa huegemezwa ukutani ili ibaki nafasi ya meza na njia ya kupita. Kochi hilo ndilo linaloamua spika za nyuma utakazonunua, kabla hata hujauliza wati wala chapa, kwa sababu nyuma ya msikilizaji hakuna pa kuweka kitu. Hata hivyo, mfumo wa chaneli 5.1, yaani spika 5 pamoja na 1 ya sauti nzito, haudai spika zikae kisogoni. Mwongozo wa Dolby, kampuni ya teknolojia ya sauti za filamu, unaziweka ubavuni, sambamba na masikio ya msikilizaji au nyuma yake kidogo. Ukizifunga ukutani kulia na kushoto kwa kochi, juu kidogo ya masikio ya mtu aliyeketi, utakuwa umetimiza sharti hilo bila kusogeza samani hata moja.

Kwa kuwa kazi yake ni kubeba mvua, mwangwi na kelele za umati, huku maneno ya waigizaji yakitoka katika spika ya kati chini ya televisheni, spika za nyuma hazina haja ya kuwa kubwa. Yenye koni ya inchi 4 inatosha, mradi sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 zipelekwe kwenye boksi la besi. Nasema boksi la besi kwa makusudi, kwani mjini hapa neno sabufa limekwisha kuhama na kuwa jina la seti nzima, yaani redio, boksi na spika zake ndogo. Sitaji bei pia, maana bei ya Kariakoo hupanda na kushuka kila mzigo mpya unapoingia. Nitapanga bidhaa kwa thamani ya kile unachobaki nacho baada ya miaka michache.

Ninayoiweka ya kwanza ni risiva ya chaneli 5.1, yaani chombo chenye amplifaya (kikuza sauti) kinachogawa sauti kwa kila spika, pamoja na spika za kawaida zisizo na amplifaya ndani yake. Ubora wake mkubwa ni kwamba kila kipande kinajitegemea: spika moja ikiungua unabadilisha hiyo moja, risiva ikifa spika zinabaki, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuona kilichoharibika. Chapa kama Yamaha, Denon, Onkyo na Sony zimetengeneza risiva za aina hii kwa miaka mingi.

Katika kuzichagua, wanunuzi wengi hupotezwa na wati. Namba ya maelfu inayoandikwa kwenye boksi kwa jina la PMPO haina maana yoyote ya kiufundi, na njia rahisi ya kuiumbua ni kugeuza chombo na kusoma kibandiko cha nyuma kinachoeleza kinatumia wati ngapi kutoka ukutani. Kifaa kinachovuta wati 60 kwenye soketi hakiwezi kutoa 3,000 kwenye spika, kwani umeme hauzaliani njiani. Hata wati za kweli za risiva zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu mara nyingi hupimwa wakati chaneli 2 tu zinafanya kazi, na zote 5 zikidai nguvu kwa pamoja kila moja hupata pungufu. Lakini hilo lisikutishe. Chukua spika yenye usikivu wa desibeli 87 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), maana yake inatoa kiasi hicho umbali wa mita 1 ikipewa wati 1. Ukiipa wati 10 inafika desibeli 97, kiasi kinachomfanya jirani agonge ukuta. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo, kati ya spika mbili, yenye usikivu mkubwa ina faida kuliko yenye namba kubwa ya wati.

Namba inayostahili kukunyima usingizi ni ya omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Risiva nyingi zimeandikwa nyuma kwamba zinakubali omu 6 na kuendelea, ilhali spika zilizotolewa katika seti za zamani za homu thieta mara nyingi ni za omu 3 au 4. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo umeme mwingi zaidi unavyovutwa kutoka kwa amplifaya, hivyo risiva huchemka, hujizima ili kujilinda, na siku moja haiwaki tena. Muuzaji akikuambia kuwa spika ni spika, mshukuru kwa ukarimu wake na uende duka linalofuata.

Ya pili ni saundibaa, spika moja ndefu inayokaa chini ya televisheni, inayokuja na boksi la besi na spika zake za nyuma. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, huenda ikawa ya kwanza. Ila neno wailesi lina mtego: kinachosafiri hewani ni sauti, wakati kila spika ya nyuma bado inahitaji soketi yake, na soketi karibu na kochi ni adimu katika nyumba zetu. Baadhi ya saundibaa za JBL, kwa mfano Bar 1000, zimelikwepa tatizo hilo kwa spika za pembeni zinazobanduliwa na kutumia betri. Kasoro ya jamii hii yote ni kwamba spika za nyuma huelewana na saundibaa ya chapa yake tu, hivyo ikiharibika hiyo, zilizobaki zinakuwa mapambo.

Ya tatu ni mtumba, na hapa nina kovu langu. Nilinunua amplifaya nzuri kutoka Japani katika duka moja la Kariakoo, nikaichomeka nyumbani, na moshi ukatangulia muziki. Umeme wa Japani ni volti 100 na wetu ni 230. Kumbe nilihitaji transfoma ya kushusha umeme, na tena si yoyote, kwa sababu nyingi zinazouzwa zimeandikwa 110. Mtumba wa Uingereza hauna shida hiyo, na hata plagi yake ni hii yetu ya pini 3. Katika spika kuukuu, bonyeza kwa kidole ukingo unaozunguka koni: sponji huchakaa na kumeguka, hasa katika joto na unyevu wa pwani, lakini mpira hudumu.

Seti ya homu thieta ya boksi moja naiweka ya nne, kwa sababu ya omu zake na plagi zake za kipekee. Sabufa ya spika 5 ni ya mwisho. Nyingi zina tundu mbili tu za kuingizia sauti, nyekundu na nyeupe, hivyo spika za nyuma hurudia yaleyale ya mbele. Kwa taarabu siku ya Idi inafaa sana, lakini hiyo si sauti inayomzunguka msikilizaji.

Kuhusu umeme wenyewe, usichomeke risiva moja kwa moja ukutani. Kilinzi cha friji, kile kinachokata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, kinatosha pale ambapo tatizo ni kukatika na kurudi kwa kishindo. Mtaa ambao taa hufifia kila jioni unahitaji stabilaiza, kifaa kinachosawazisha volti, kwa kuwa kilinzi hakirekebishi kitu, kinakata tu. Mfumo mzima kwa sauti ya kawaida hautumii sana, hivyo LUKU haitakimbia kwa ajili yake.

Waya uwe wa shaba wa milimita 1.5 za mraba. Kwa umbali wa mita 10 upotevu wake haufiki hata robo ya omu. Kwangua ncha kwa wembe kabla ya kulipa, na ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Nyumbani, hakikisha nyekundu inakwenda nyekundu katika kila spika. Ikiwa waya hauna alama, gusisha ncha zake kwa betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikisogea nje, upande uliogusa chanya ndio nyekundu.

Mwisho, kabla ya kuilaumu spika kwa ukimya, tazama unachokicheza. Filamu zilizotafsiriwa zinazojazwa kwenye fleshi mtaani kwa kawaida ni za chaneli 2, kama zilivyo video nyingi za YouTube, na spika za nyuma zitanyamaza hadi uchague kwenye risiva mpangilio wa Dolby Surround unaosambaza sauti hiyo hadi nyuma.