Pochi kwanza, mkufu mwisho: kununua urembo unaohimili pwani ya Mtwara na Lindi

Fedha za korosho zikianza kuingia mwezi wa 10, wengi hushona nguo ya harusi kwanza, halafu chenji inayobaki huishia kwenye vikorokoro vitano vya bei poa. Afadhali viwili vya kudumu. Huku pwani urembo una adui wawili, jasho na upepo wa chumvi, na kitu kinachong'aa dukani kinaweza kupauka baada ya shughuli mbili tu. Aliye Masasi au Newala, mbali na bahari, ana unafuu kidogo. Mpangilio huu umepimwa kwa maswali mawili: kitavaliwa mara ngapi, na kitahimili?

1. Pochi

Nusu ya bajeti iende hapa. Ukiwa na sh 60,000 za urembo, 30,000 ziwe za pochi, maana ndiyo inayoonekana hata ukiwa ndani ya baibui, na ndiyo inayotoka nawe kila siku.

Nyingi zinazoitwa ngozi ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki. Joto na unyevu hulivunja tabaka hilo hata pochi ikiwa imelala kabatini, ndiyo maana unaitoa asubuhi ya harusi unakuta inabanduka magamba. Kabla ya kulipa, igeuze utafute ukingo uliokatwa, mara nyingi chini ya mkanda au ndani ya mfuko mdogo. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana ovyo. Ya plastiki huonyesha wavu wa kitambaa. Pochi ya ngozi ya mtumba, hata iliyopauka, huishinda mpya ya plastiki. Ipake dawa ya viatu isiyo na rangi, usugue mpaka kitambaa cheupe kisichafuke, la sivyo dera lako ndilo litakaloifuta.

Zipu ifunguliwe na kufungwa mara kumi, ukisikiliza kwenye kona. Inayokwama ikiwa mpya haitalainika. Meno ya nailoni ni bora kuliko ya chuma, kwa sababu chumvi huyashika meno ya chuma hadi yakagoma. Kwa anayepanda bodaboda, mkanda uwe wa sentimita 110 hadi 120 ili upite kifuani, na pochi ifungwe kwa zipu, si kwa sumaku.

Rangi? Ukivaa vazi la khanga, itoe kwenye pindo, usiitoe kwenye mji, yaani sehemu ya katikati. Mji una makelele yake tayari.

2. Hereni

Kwa anayefunga ushungi zinashuka mpaka mwisho, na bangili inapanda nafasi yake. Kwa wengine, hakuna kinachobadilisha uso haraka kama hereni, hasa kwa kitenge chenye shingo iliyotariziwa.

Kinachoharibika kwanza ni kile kijiti kinachopita sikioni. Kama kimechovywa rangi ya dhahabu juu ya madini yenye nikeli, rangi huisha hapohapo kwa msuguano, nikeli inagusa ngozi, na mwenye mzio huanza kuwashwa na kutoa majimaji. Chagua kijiti cha stenlesi au fedha yenye muhuri wa 925. Sehemu ya chini inayoning'inia inaweza kuwa ya shanga, kitambaa au mbao bila tatizo. Jozi ukiiweka kiganjani ukahisi uzito, iache: shughuli ya mkesha ni ndefu na tundu la sikio halirudi.

3. Bangili ya mpingo

Huku ni kwa Wamakonde. Kununua bangili ya plastiki nyeusi kutoka mbali ni kujionea haya bure. Ila mbao nyeupe iliyopakwa rangi nayo huuzwa kama mpingo. Sugua upande wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye maji: kikitoka cheusi, imepakwa dawa ya viatu. Mwombe muuzaji aitie kwenye ndoo. Mpingo mkavu huzama.

Ishike kwenye mwanga na uizungushe taratibu. Bangili iliyokatwa kwenye ubao mmoja ina sehemu mbili zinazotazamana ambapo nyuzi za mti zimekatwa kukingama. Hapo ndipo inapovunjikia ikianguka sakafuni, kwa hiyo unene usipungue nusu sentimita. Angalia pia mistari iliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao. Ni dalili kwamba mti ulichongwa ukiwa mbichi na ukapasuka wakati wa kukauka. Mstari huo utafunguka tena.

Kipimo: kusanya vidole vitano kama unayeingiza mkono kwenye chupa, zungusha uzi penye upana mkubwa, gawanya kwa 3.14. Uzi wa sentimita 20 unahitaji tundu la karibu sentimita 6.4. Ikikauka, ipake tone la mafuta ya nazi.

4. Mtandio na mkanda

Mtandio wa pamba kwa mchana, shifoni kwa jioni, si chini ya sentimita 170 kwa urefu ukitaka kuufunga na kuuachia. Pini ya chuma isilale kwenye shifoni: jasho huiotesha kutu na doa halitoki. Mkanda wa mwanaume, kutoka pini ya bizimu hadi tundu la katikati, uwe sawa na kiuno kilichopimwa juu ya suruali. Upana wa sentimita 3 hadi 3.5 hupita kwenye vitanzi vya suruali ya suti. Wa sentimita 4 uachie jinzi.

5. Mkufu

Wa mwisho kwa sababu nguo zetu zina maua mengi kifuani, na mkufu hupotea humo. Una faida kwa gauni la rangi moja: sentimita 45 hukaa chini kidogo ya koo, 60 hufika kifuani.

Uliochovywa huacha alama ya kijani shingoni. Hiyo ni shaba ikikutana na jasho, haina sumu, inatoka kwa sabuni. Pafyumu na mafuta vitangulie, mkufu uvaliwe vikikauka. Usiusafishe kwa dawa ya meno. Ina chembe zinazokwangua kile kitabaka chembamba.

Ukitaka dhahabu halisi, 750 ni karati 18 na 875 ni karati 21, lakini namba hugongwa hata kwenye shaba. Sumaku nayo hukamata chuma, shaba huiacha. Nunua kwa sonara mwenye duka la kudumu, mkufu upimwe mbele yako, na risiti iandikwe gramu na karati. Siku ukirudi kuuza, utalipwa uzito, fedha ya ufundi hairudi.