Maelezo ya zana hii yalimletea mama fuso tatu Mwaloni

Zana yenyewe inafanya kazi, hilo nalikubali. Unampa wakala wako wa akili mnemba, na papo hapo anaweza kuongea na karibu mfumo wowote wenye API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuongea na nyingine: anasoma bei, anavuta orodha, anatuma oda. Huhitaji kumwandikia kiunganishi kipya kwa kila mfumo. Ndiyo maana niliichukua, na ningeipa nyota nne kama si yaliyotokea Mwaloni.

Namhudumia mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ana wateja hadi Kongo. Kipindi cha giza, mwezi usipoonekana, wavuvi hutoka usiku na taa zao na dagaa huingia kwa wingi. Hapo hakuna wa kulala. Kazi niliyompa wakala ilikuwa ndogo: oda ikikamilika, aombe gari kwenye mfumo wa wasafirishaji, mzigo uwahi kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kuelekea Geita. Usiku mmoja wa giza hilo mtandao ukawa unasuasua. Wakala akaomba fuso moja. Seva ya wasafirishaji ikapokea ombi, ikaandika safari, lakini jibu likakwama njiani. Zana ikaona muda umeisha, ikatuma tena. Kimya. Ikatuma tena. Mwishowe ikamrudishia wakala jibu moja safi, 201, yaani ombi limekubaliwa na safari imeandikwa, bila neno hata moja kwamba ilikuwa imerudia. Wakala naye akamwandikia mama kuwa gari limepatikana.

Alfajiri fuso tatu zilikuwa zimejipanga getini. Madereva watatu na utingo wao, kila dereva na namba yake ya safari kwenye simu, na zote halali. Mzigo ulitosha gari moja tu. Mama akanipigia: "Mwanangu, hawa wawili nawalipa kwa lipi?" Sikuwa na la kumjibu. Mmoja wa wale madereva alikuwa ametoka Usagara usiku ule ule, kosa lake lilikuwa nini? Mama akafungua pindo la kanga, akahesabu hela ya mafuta ya magari mawili yanayorudi matupu, makuli wakimtazama.

Nikarudi kwenye maelezo. Kuhusu kurudia maombi kuna sentensi moja, nayo inasema tu kwamba zana hushughulikia hitilafu za mtandao. Basi. Inarudia mara ngapi? Inangoja muda gani? Inatofautisha GET, ombi la kusoma tu, na POST, ombi la kutuma? Hakuna. Na hapo ndipo panapouma. GET irudie hata mara mia, bei ya dagaa haibadiliki kwa kusomwa. POST inaanzisha kitu: safari, malipo, ujumbe kwa mteja. Wala si maoni yangu. RFC 9110, waraka wa mwaka 2022 unaoeleza HTTP, yaani kanuni za mawasiliano ya mtandaoni ambazo maombi haya huzifuata, unataka programu isirudie yenyewe ombi la namna hiyo, isipokuwa ina njia ya kujua kwamba kulirudia hakutafanya kazi ileile mara mbili, au kwamba lile la kwanza halikutekelezwa. Njia zipo. Mifumo mingi ya malipo hukubali namba ya kipekee inayoambatana na ombi. Seva ikiiona tena, inajua ni ombi lilelile. Mistari miwili kwenye maelezo ingemwokoa mama.

Mtu akikutana na maelezo mabovu, husita, huuliza mwenzake. Wakala hana wa kumuuliza. Anachokijua kuhusu zana ni maneno aliyopewa, na akisoma kwamba hitilafu zinashughulikiwa, anaamini na kusonga mbele. Kwa zana kama hii maneno yale ni sehemu ya mashine. Aliyeyaandika ovyo ameiunda ovyo.

Nikawaandikia watengenezaji, kwa adabu, pamoja na kumbukumbu za maombi yote matatu na saa zake. Siku zikapita. Jibu likaja kwamba ndivyo ilivyokusudiwa, na nikiwa na shaka nisome msimbo wao. Pole hakuna. Nikauliza, basi mtaliandika hilo kwenye maelezo? Wakafunga tiketi yangu bila kujibu. Hitilafu ningeivumilia, mitandao yetu naijua. Dharau sivumilii.

Nilitaka kusema kwamba kwa kusoma data tu bado ni nzuri, na nilishaanza kuandika hivyo. Lakini hata huko: seva ikirudisha 429, yaani umezidisha maombi, subiri, je, zana inasubiri au inaendelea kugonga? Maelezo hayasemi. Nitamkabidhi vipi mfanyabiashara kitu ambacho wenyewe hawataki kukieleza? Zile nyota nne nimezifuta. Nimewapa moja, na hela ya mama ya mafuta hakuna aliyeirudisha.

Nimeing'oa. Oda za magari sasa zinapita kwenye programu fupi niliyoiandika mwenyewe, kila ombi na namba yake. Jibu lisiporudi, wakala ameagizwa aulize kwanza kama safari imeshaandikwa, na akikosa uhakika ampigie mama kabla ya kutuma chochote.